Neno Ambalo Waziri Mkuu Hakulisema

Kwanza maji. Msinywe maji ya baridi kwenye kibanda cha wakalimani, hata kama waandaaji wamewawekea chupa zenye barafu na mnaona haya kuziacha. Maji ya baridi yanakaba koo, na koo likikukaba katikati ya sentensi ya Waziri Mkuu, huwezi kumwomba akusubiri. Yawe ya vuguvugu. Mimi nilibeba yangu kwenye chupa ya chai, na watu wakadhani nakunywa chai ya tangawizi kazini. Niliwaacha wadhani.

Achieng, anayewafundisha sasa, ndiye aliyeniomba niwaandikie. Aliniambia, "Auntie, waambie vile mlikuwa mnafanya kabla ya hizi simu." Nikamwambia nitawaambia hayo, lakini nitawaambia na kosa langu kubwa, na jinsi lilivyonifanya niipende kazi hii kuliko siku zote. Kazi yetu ina kiapo cha siri, kwa hiyo mheshimiwa nitakayemsimulia sitamtaja jina. Bi Mwanaidi namtaja kwa ruhusa yake. Alisema niandike, "lakini usinifanye mpole." Sitamfanya mpole.

Nililetwa Kanada na wazazi wangu nikiwa msichana. Sisi ni Waismailia wa Korogwe. Baba alikuwa na duka karibu na stesheni ya reli, na Kiswahili changu nilikipata kaunta, kwa wateja, kabla sijajua kusoma. Hapa Toronto kazi yangu ya kwanza ilikuwa Malton, karibu na uwanja wa ndege, kupanga trei za chakula cha abiria. Siku moja kwenye kituo cha basi, mzee mmoja alikuwa anabishana na dereva na hawaelewani. Nikaingilia kati, nikatafsiri huku na huku. Mzee alipanda, dereva akatulia, na bwana mmoja aliyevaa koti refu la kijivu akanifuata hadi kwenye kiti.

"Unatafsiri vizuri," akasema. "Lakini mzee amemwita dereva mpumbavu, wewe ukasema amechanganyikiwa. Nani aliyekupa ruhusa?"

Nikamjibu kwamba nilitaka kuzuia ugomvi.

"Huo ni upatanishi. Ni kazi nzuri, ila si kazi hii. Unataka kujifunza hii?"

Ndivyo nilivyokutana na Mwalimu Hamza. Alikuwa mtu wa Unguja, mtangazaji mstaafu, na kila Jumamosi asubuhi aliendesha kipindi cha Kiswahili kwenye redio ndogo ya jamii kule Downsview. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la vigae. Foklifti, yale magari ya kunyanyulia mizigo, zikirudi nyuma zinalia pii, pii, pii, na mlio unaingia hewani katikati ya taarifa ya habari. Msikilizaji mmoja alipiga simu kutupongeza kwa muziki mpya.

Mwalimu hakunipa kipaza sauti kwa mwaka mzima. Alinipa kaseti. Zilikuwa za mijadala ya Bunge la Uingereza, zilizorekodiwa na jamaa yake kule, zikaja kwa posta. Kwa nini Uingereza? Kwa sababu wasikilizaji wetu wengi walikuwa na ndugu Leicester na London, na wengine walikuwa na pasipoti za kule zilizowasumbua maisha yote. Kila neno la serikali ile liliwahusu. Na kwa sababu nyingine pia: katika kaseti zile kulikuwa na mbunge mmoja aliyefaa sana kufundishia.

Alikuwa daktari wa meno kabla ya kuingia siasa. Alitoka mji mdogo wa viwanda vya nguo, mji wa mvua, na alikaa viti vya nyuma miaka mingi bila mtu kumjali. Lakini alizungumza kama anavyozungumza daktari na mgonjwa aliyefumbua kinywa. Sentensi fupi. Pumzi. Sentensi fupi. Mwalimu aliniambia, "Huyu ndiye mwalimu wako wa pili. Msikilize mara tatu. Mara ya kwanza fumba macho. Mara ya pili andika vitenzi tu. Mara ya tatu andika yale ambayo hakuyasema."

Hilo la tatu lilinichukua muda kulielewa. Waingereza wale, wanangu, wana namna yao. Akisema "kwa heshima zote", ujue heshima imekwisha. Akisema wazo lako linavutia sana, wazo limekufa, andaa mazishi. Na mheshimiwa wetu akisema amesikitika kidogo, kabla ya jioni kuna mtu atakayefukuzwa kazi. Ukitafsiri "amehuzunika mno" umeharibu, maana hakusema mno. Ukitafsiri "amesikitika kidogo" kwa sauti ya upole umeharibu vilevile. Lazima hicho kidogo kibaki, na baridi yake ibaki. Nilikuwa najizoeza jikoni, nikimwambia mume wangu kwamba nimesikitika kidogo kuona vyombo havijaoshwa. Alijifunza haraka kuliko mimi.

Kosa langu la kwanza hewani lilikuwa la kuchekesha. Yule daktari wa meno alikuwa amepanda, sasa ni waziri, na siku hiyo aliwasilisha muswada. Wenyewe husema "kuiweka hoja mezani". Mimi nilikuwa nimeshazoea ofisi za huku, ambako bosi akikwambia jambo limewekwa mezani, ana maana limeahirishwa, nenda nyumbani. Basi nikawatangazia Waswahili wote wa Toronto kwamba waziri ameahirisha muswada wake. Mwalimu Hamza aliingia na gazeti, akaliweka mbele yangu bila kuketi.

"Shamim, wewe umefungia hoja kabatini. Wenzako wameshaipigia kura."

Nilisoma masahihisho Jumamosi iliyofuata, mstari mmoja, nikaendelea. Wasikilizaji hawakunicheka. Mwalimu alisema redio inayojisahihisha ndiyo inayoaminika, na mimi nilikubali kwa kichwa. Kichwa kinakubali upesi kwa kosa dogo.

Yule waziri akawa Waziri Mkuu. Siku aliyoingia ofisini nilitafsiri hotuba yake moja kwa moja, bila kaseti. Tulikuwa tumepata mitambo, na siku za mambo makubwa kituo kilitupa muda hata nje ya Jumamosi. Aliwaambia wananchi wake kwamba hatawadanganya kuwa haitauma, ila atawaambia itakwisha lini. Maneno hayo yalienda dunia nzima, magazeti yakayaandika, wachoraji wakamchora ameshika koleo. Kwa Kiswahili yalitoka kwenye kinywa changu, kwa sekunde mbili nyuma yake, na yalikuwa sawasawa. Yalikuwa mafupi kama yake. Mwalimu Hamza alikuwa upande wa pili wa kioo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa ni kunipigia makofi. Mpaka leo nikiikumbuka najisikia mrefu.

Niliitafsiri kazi yake yote. Ushindi wake wa pili. Siku aliyoombwa Bungeni ajibu kwa nini reli zimeharibika, akajibu kwamba jibu la upinzani halina meno, na kwamba hilo analisema kitaalamu. Utani huo ulikuja kwa Kiswahili kama umezaliwa humo, nikashukuru Mungu, maana utani kwa kawaida hukufia mkononi. Siku aliyoondoka madarakani, baada ya chama chake mwenyewe kumchoka, alitoka nje kwenye mvua akamshukuru kwanza mama aliyekuwa akimchemshia chai, kwa jina lake, ndipo akawashukuru mawaziri. Nilimtaja mama yule kwa jina vilevile. Mnaelewa? Mtafsiri mvivu angesema "wafanyakazi wa ofisi yake".

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Kabla hajaondoka madarakani, wazee kadhaa wa kwetu bondeni, upande wa Korogwe, walikuwa wamepeleka malalamiko London. Zamani za ukoloni, vijiji vyao vilichomwa ili kupisha shamba la mkonge. Walikuwa watoto wakati huo. Mambo yalichukua miaka, na mwisho Waziri Mkuu akasimama Bungeni kutoa kauli.

Mwalimu Hamza siku hiyo hakuwapo, alikuwa na homa. Nilikuwa peke yangu kwenye kioo. Nilisikiliza kauli nzima, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sauti yake ilikatika. Ilikatika alipofika kwenye jambo lenyewe. Kisha akasema kwamba serikali yake inasikitishwa na yaliyowapata watu wale.

Inasikitishwa. Lugha yao ina neno la kusikitika na ina neno la kuomba radhi, na hayo maneno mawili hawayachanganyi hata wakiwa usingizini. Nililijua hilo vizuri. Lakini mimi ni mtoto wa Korogwe. Nilikuwa nimewaona wale watu dukani kwa baba, wakinunua mafuta ya taa na kuondoka bila kupiga soga. Nilimsikia sauti inakatika. Nilitaka alitamke, na kwa sababu nilitaka, nikalisikia. Nikasema hewani: "Waziri Mkuu wa Uingereza ameomba radhi."

Mwalimu alinipigia simu jioni, sauti imekauka kwa homa.

"Neno hilo umelipata wapi?"

"Ndiyo maana yake, Mwalimu. Ungemsikia alivyosema."

"Nimemsikia. Alifika mlangoni pa neno hilo, hakuingia. Wewe umemsukuma ndani. Jumamosi usome masahihisho."

Nikasema nitasoma. Jumamosi iliyofuata kipindi chetu kilipewa muda mfupi kwa sababu ya maandalizi ya Idi. Ya baada yake, nilikuwa na mgeni studioni. Ya tatu nilijiambia kwamba watu wameshasahau. Mwalimu hakunikumbusha. Alikuwa na tabia ya kusema jambo mara moja. Mwaka ule ule alirudi Unguja akapumzika huko, na alipofariki nililia sana, na sehemu ya kilio kile nilijua ni ya nini.

Miaka ikapita. Nilipata leseni ya ukalimani, nikafanya mahakamani, hospitalini, kwenye mikutano mikubwa. Kaseti zikatupwa. Vibanda vya mbao vikawa vya kioo. Nilipokea wenzangu wapya, na mmoja wao ni Achieng, msichana wa Nairobi mwenye masikio makali, ambaye Kiswahili chake kilikuwa nusu cha mtaani na nusu cha darasani. Nilimfundisha kubadilishana kila nusu saa, kwa sababu baada ya nusu saa ubongo unaanza kutunga.

Basi, Jumapili moja mchana, jumuiya ya watu wa Afrika Mashariki iliandaa mhadhara katikati ya jiji. Mgeni wa heshima alikuwa Waziri Mkuu yule, mstaafu, mvi tupu, anazunguka dunia akizungumzia uongozi. Waandaaji walitaka wazee wetu wasikie kwa Kiswahili, kwa hiyo kila mzee alipewa kifaa cha sikioni, na mimi na Achieng tukawekwa kibandani nyuma ya ukumbi. Nilifurahi kama mtu anayekutana na rafiki wa utotoni. Nilijua pumzi zake. Alipoanza, nilimfuata bila kuhangaika, na nikamwona Achieng ananitazama kama anayetazama fundi.

Ukaja wakati wa maswali. Bibi mmoja aliinuka safu ya tatu, ameshikilia kigari cha kutembelea, binti yake amemshika kiwiko. Alivaa kanga juu ya koti la baridi. Akapewa kipaza sauti. Kazi yangu sasa ilikuwa kumgeuzia mgeni maneno yake kwa Kiingereza, ukumbi mzima ukisikia.

"Mimi naitwa Mwanaidi," akasema. "Nakaa Malton na mwanangu huyu, Zuhura. Nyumba yetu ilichomwa moto nikiwa na miaka saba. Sikuja kuuliza. Mheshimiwa, siku uliyoomba radhi nilikuwa jikoni, redio imewashwa. Mume wangu alikuwa mgonjwa, kitandani. Yeye naye aliunguliwa na nyumba, kijiji cha pili yake. Nikaenda nikamwamsha. Nikamwambia, wameomba radhi. Akakaa kitandani. Akasema, 'Basi.' Akataka uji, akanywa wote. Alikuwa hajala siku mbili. Wiki ya tatu akafa. Nimekuja kukwambia ahsante."

Nilitafsiri kila neno. Sijui nilivyoweza. Sauti ilikuwa imara, kwa sababu sauti ndiyo inayofunzwa. Nikasema "siku uliyoomba radhi" kwa Kiingereza, kama alivyosema, kwa sababu hayo yalikuwa maneno yake, na ukumbi ukapiga makofi.

Mheshimiwa mstaafu hakupiga makofi. Alisubiri yaishe. Wanangu, angeweza kuinamisha kichwa akapokea shukrani, na hakuna ambaye angemlaumu. Mimi nilikuwa namwomba Mungu afanye hivyo. Akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mama, ningependa sana kuipokea ahsante yako. Lakini neno hilo sikulisema."

Mkalimani huzungumza kwa nafsi ya anayemzungumzia. Hatusemi "anasema kwamba". Kwa hiyo ni mimi niliyemwambia Bi Mwanaidi sikioni mwake, kwa sauti ile ile aliyoisikia jikoni: "Neno hilo sikulisema."

Akagusa kile kifaa, kama kimeharibika. "Mimi nilisikia kwa masikio yangu," akasema.

Achieng alifunga kipaza sauti. "Auntie, uko sawa? Nichukue?"

Nusu saa yangu ilikuwa imekwisha. Ningeweza kumwachia. Nikatikisa kichwa, nikafungua kipaza sauti cha ukumbi, nikasema yale ambayo kanuni inatupa ruhusa kuyasema, na ambayo katika maisha yangu yote nilikuwa nimeyasema mara mbili tatu tu, kwa mambo ya mitambo.

"Mkalimani anaomba kusema kwa nafsi yake."

Vichwa vikageuka. Nikasema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Kwamba sauti ile ya redioni ilikuwa yangu. Kwamba Waziri Mkuu alisema anasikitishwa, mimi nikasema ameomba radhi. Kwamba niliambiwa nisahihishe, sikusahihisha. Kwamba Bi Mwanaidi alisikia sawasawa. Aliyesema vibaya ni mimi.



Bi Mwanaidi hakunitazama. Alimtazama mheshimiwa.

"Basi ulisema unasikitika."

"Ndiyo."

"Kusikitika hata jirani anasikitika. Hata dereva wa basi akinipita anasikitika. Kwa nini hukusema lile?"

Nikamgeuzia, kila neno, na yule dereva wa basi. Mzee akashika pembe za meza. Akajibu kwamba lilikuwa kwenye karatasi yake. Aliliandika mwenyewe. Wanasheria wakamwambia likitoka, litafungua milango ya mahakama katika nchi nyingi, na asubuhi yake akalikata kwa kalamu yake mwenyewe. Hakusema walimlazimisha. Alisema: "Kalamu niliishika mimi."

"Leo nani anakukataza?" akauliza Bi Mwanaidi.

Akashuka jukwaani. Ngazi tatu, polepole, na ameshika ukingo. Akaja hadi safu ya tatu na kipaza sauti kidogo mkononi, akasema maneno ambayo nitawapa jinsi nilivyoyatoa, kwa sababu ndiyo tafsiri ninayojivunia kuliko zote.

"Siwezi kusema kwa niaba ya serikali. Sina serikali. Ninachoweza kukupa ni changu mimi peke yangu, na najua ni kidogo kuliko unachostahili. Nakuomba radhi."

Sikuongeza. Nilitamani kuongeza. Binadamu anayeishi ndani ya mkalimani alitaka kuiacha ile sehemu ya serikali ipotee, ili bibi yule apate neno zima, safi, la kwenda nalo nyumbani. Nikampa na upungufu wake wote. Ilikuwa saizi ile ile aliyoitoa yeye.

Bi Mwanaidi alifikiri. Kisha akasema, "Nimekusikia." Hakusema amesamehe, nami sikusema amesamehe. Mzee akauliza kwa sauti ndogo kama kuna zaidi, na mimi nikamjibu kwamba bibi amesema amemsikia, basi.

Baadaye niliwakuta nje ya ukumbi, Zuhura anamfunga mama yake zipu ya koti. Nikaamkia, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitika, kwa sababu salamu huitikiwa. Kisha akanikagua kuanzia viatu. "Ndiye wewe."

"Ndiye mimi, mama."

"Mume wangu alikwenda na neno la uongo."

Zuhura akasema, "Mama, alikunywa uji," kwa Kiswahili, yeye ambaye nilikuwa nimemsikia akizungumza Kiingereza tu muda wote.

"Alikunywa. Sikatai alikunywa." Akanigeukia. "Lakini mimi ndiye niliyempelekea. Umeniweka mimi kuwa mwongo kwa mume wangu. Unalijua hilo?"

Nilikuwa sijalijua. Nilijua nimekosea kwa mheshimiwa, kwa Mwalimu, kwa redio. Hilo la jikoni kwenda kitandani nilikuwa sijalifikiria kabisa. Nikamwambia sikulijua, na sasa nalijua, na naomba radhi.

"Tuliosikia siku ile tulikuwa wengi," akasema. "Kawaambie."

Kipindi bado kipo, siku hizi kinarushwa mtandaoni, na vijana wanaokiendesha wengine hawakuwa wamezaliwa. Walishangaa nilipoomba dakika moja. Walisema, Mama Shamim, ni zamani sana, nani anakumbuka? Nikawaambia yupo mmoja anayekumbuka na huyo anatosha. Jumamosi ile nilisoma masahihisho, na mtoto mmoja wa studio akaniuliza kama ningependa muziki nyuma. Nikasema hapana.

Nilidhani baada ya hapo hakuna atakayenipa kazi. Nilianza kupanga kustaafu. Nilitoa madaftari yangu ya msamiati kabatini, ishirini na kitu, nikayafunga kwa kamba nimpe Achieng. Wakala wa wakalimani hawakunipigia simu wiki mbili, na sikuwalaumu.

Wiki ya tatu simu ikalia. Alikuwa msichana wa wakala, amechanganyikiwa kidogo. Kulikuwa na mgonjwa hospitali ya upande wa magharibi, anatakiwa kufanyiwa upasuaji wa moyo, na daktari lazima amweleze hatari zake kabla hajatia sahihi. Walimpelekea mkalimani wa kwanza, kijana mzuri, mwenye vyeti, mgonjwa akamkataa. Akapelekewa wa pili, akamkataa. Binti yake alitaka atafsiri mwenyewe, na naye akakataliwa, kwamba atamficha mabaya.

"Anasema anamtaka Shamim," akasema msichana yule. "Nimemwuliza kama wewe ni ndugu yake. Amenijibu kitu, sijui kama nimeelewa. Amesema, nileteeni yule aliyekosea. Huyo ndiye ambaye hatarudia."

Nikapanda mabasi mawili kwenye theluji iliyoyeyuka, na viatu vililowa hadi soksi. Nilipoingia chumbani, Bi Mwanaidi alikuwa amekaa wima kitandani, Zuhura dirishani. Alinyoosha kidole kwenye kiti kilichokuwa kati yake na daktari, kiti ambacho walikuwa wamekiacha wazi. Niliketi, nikafungua daftari, nikamwambia daktari kwamba anaweza kuanza.